Samaki sita kwa siku moja: kisa cha tangi la kwanza la maji ya bahari Nakuru

Mwalimu alinipigia simu Jumatano moja ya Julai, kabla ya saa moja asubuhi. Sauti ilikuwa imemkauka. "Mwanangu, wawili wamekufa usiku. Waliobaki wako juujuu wanatweta. Njoo, tafadhali." Nilikuwa na kazi Naivasha siku hiyo, nikaiahirisha. Huyu mzee alinifundisha sayansi nikiwa darasa la sita, na kutoka kwake ndiko nilikojua kwamba samaki hupumua kwa matamvua. Sasa amestaafu, anaishi mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, na kwa miaka mingi ametamani kuwa na kipande kidogo cha bahari sebuleni mwake. Ameniruhusu nisimulie yaliyompata, mradi nisimtaje jina.

Kazi yangu ni kuhudumia matangi ya samaki, mengi ya maji baridi, machache ya maji ya bahari. Ninakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu makosa ya Mwalimu nayaona kila mwaka kwa watu makini wanaosoma kabla ya kununua. Mwalimu alikuwa amesoma. Ana daftari lenye tarehe, vipimo, hata michoro.

Tangi lenyewe lilikuwa zuri. Urefu sentimita 90, upana 40, kina 40, yaani lita 144 likiwa tupu. Ukiondoa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu isiyojazwa, maji yanabaki kama lita 120. Mchanga ni wa chokaa ya matumbawe, mawe ni makavu, yalinunuliwa dukani. Nilifurahi kuona hakuokota mawe ufukweni alipokwenda Mombasa kumtembelea bintiye. Katika hifadhi za taifa za bahari kama Malindi, Watamu na Kisite hairuhusiwi kutoa chochote, na matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Mtu anayependa bahari haanzi kwa kuivunja.

Chumvi aliyotumia ni ile ya akwariamu, wala si ya mezani. Majirani walimcheka: "Mwalimu, una ziwa zima la chumvi hapo chini, unanunuaje chumvi?" Lakini Ziwa Nakuru si bahari. Maji yake ni ya magadi, na pH yake, yaani kipimo cha uasidi au umagadi wa maji, hukaribia 10, ilhali ya bahari ni karibu 8.1. Chumvi ya jikoni nayo haina kalisi, magnesi na vile vitu vinavyoizuia pH isiyumbe. Maji ya kuchanganyia aliyanunua kwenye duka la maji ya kunywa mtaani, yale yanayochujwa kwa mtambo, kwa mitungi ya lita 20. Hilo ni jambo la busara sana kwa mji wetu, kwa kuwa maji ya visima vya huku yamebeba madini mengi, floridi ikiwemo, na ndiyo maana maduka ya maji yamejaa kila kona.

Basi palikosewa wapi?

Nilichukua daftari nikaketi nalo. Siku ya kwanza: tangi limejazwa, chumvi imepimwa kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, ikasoma 1.025, yaani maji hayo ni mazito mara 1.025 kuliko maji matupu. Hita ya wati 150 imewekwa kwenye nyuzi 26. Siku ya pili: ametumbukiza kamba mmoja mbichi ili aoze na kuwapa bakteria chakula. Vizuri. Siku ya tisa: amonia miligramu 3 kwa lita. Vizuri pia, maana yake uozo umeanza kutoa amonia. Siku ya kumi na tano: amonia imeshuka hadi 1, nitriti imepanda sana. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Muuzaji asema wiki mbili zinatosha. Nimeagiza."

Hapo niliinua macho. Mzunguko wenyewe, kwa ufupi, uko hivi: uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza kuwa nitriti, kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kiasi. Makundi haya hayajitokezi mara moja. Huota polepole juu ya mawe, mchanga na filta, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Siku ya kumi na tano kundi la kwanza lilikuwa limefika nusu ya njia, la pili ndilo linaanza kazi. Tangi lilikuwa halijaiva. Simlaumu sana muuzaji. Huenda tangi lake yeye huiva mapema kwa sababu huwa anachukua mawe na maji ya tangi kongwe. Tangi la Mwalimu lilikuwa limeanza na mawe makavu, bila mbegu yoyote.

Siku ya kumi na sita walifika samaki sita kwa mpigo, kutoka pwani, kwa basi la usiku.

Nataka nikae kidogo kwenye safari hiyo, kwa maana watu wa bara hatuifikirii. Mombasa iko usawa wa bahari, Nakuru iko karibu mita 1,850 juu, na kabla ya kufika hapa gari linapanda kupita Limuru, zaidi ya mita 2,200. Mfuko uliofungwa pwani ukiwa umejaa hewa kawaida hutuna njiani kama mpira. Mwalimu alipoipokea mifuko kituoni aliiona imejaa pomoni akadhani msafirishaji alikuwa mkarimu wa hewa. Mkarimu hasa ni yule anayeacha nafasi mfukoni ili hewa ipate pa kupanukia, kwa sababu mfuko uliojazwa sana unaweza kupasuka mlimani.

Kubwa kuliko hilo ni kinachotokea ndani ya maji ya mfuko. Kwa saa kumi na kitu samaki anatoa amonia na anatoa kabonidayoksaidi. Ile kabonidayoksaidi huishusha pH, na pH ikiwa chini sehemu kubwa ya amonia hukaa katika hali isiyodhuru sana. Ukifungua mfuko, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka kuwa kali. Kwenye pH 8.2 sehemu yake yenye sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile ya kwenye pH 7. Mwalimu alifungua mifuko yote sita, akawadondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili, kama alivyosoma. Kwa samaki aliyenunuliwa mtaa wa pili, njia hiyo ni njema. Kwa samaki aliyesafiri usiku kucha, saa mbili hizo ni kumwacha kwenye maji yanayozidi kuwa sumu. Mimi huuelesha mfuko ukiwa umefungwa dakika ishirini ili joto lilingane, kisha nauchana, napima chumvi ya mfuko haraka, na ikiwa haitofautiani sana na ya tangi namhamisha samaki kwa kikombe bila kumwaga maji ya mfuko tangini. Ikitofautiana sana, nakuwa nimeandaa beseni lenye chumvi inayolingana na ya mfuko.

Na chumvi ya tangi, Jumatano ile, haikuwa 1.025 tena. Rifraktomita yangu ilisoma 1.029. Mwalimu alishtuka, akaenda kuleta yake, nayo ikasoma 1.029.

"Unajaziaje maji yanayopungua?" nilimuuliza.

"Kwa maji ya chumvi, bila shaka. Si ni tangi la maji ya chumvi?"

Nilinyamaza kidogo, maana swali lake lina mantiki kabisa. Lakini maji yanapokauka, chumvi haiondoki nayo. Inabaki. Kinachopungua ni maji matupu, na maji matupu ndiyo ya kurudishiwa. Tangi lake lilikuwa linapoteza kama lita moja kwa siku, kwa kuwa halikuwa na kifuniko na chumba hupata jua la mchana. Kwa wiki mbili aliongeza lita moja ya maji yenye gramu 35 za chumvi kila asubuhi. Hesabu tuliifanya pamoja kwenye daftari: lita 120 kwa gramu 35 ni gramu 4,200. Ongeza gramu 490. Gawanya kwa 120. Gramu 39 kwa lita, ambayo ndiyo ile 1.029. Mwalimu aliitazama hesabu ile muda mrefu bila kusema neno.

Sasa nije kwa samaki wenyewe, maana hata tangi lingekuwa limeiva na chumvi iko sawa, bado orodha ile ingemletea shida. Alikuwa amenunua klaunifishi wawili, damseli wawili weusi wenye madoa matatu meupe, samaki msafishaji mmoja, na kangaja wa buluu mmoja.

Klaunifishi ni chaguo jema kabisa kwa anayeanza. Wanakula vizuri, hawahitaji nafasi kubwa, na si lazima wawe na ua la bahari la kujifichia.

Damseli wale ni wadogo dukani, urefu wa kidole gumba, na muuzaji alimwambia ni wagumu kufa. Ni kweli, ni wagumu kufa. Lakini hukua kufikia sentimita 10 na zaidi, na wanapokua huwa wakali, humiliki kona yote na kumfukuza kila anayekuja baada yao. Samaki mgumu anayewekwa kwanza ndiye anayekuja kutawala tangi. Ningeshauri kila anayeanza asimchukue kwa sababu ya ugumu wake peke yake.

Samaki msafishaji, yule mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi, huishi kwa kudonoa vimelea na ute kwenye miili ya samaki wengine. Miambani huhudumia wateja wengi kwa siku. Ndani ya lita 120 alikuwa na wateja watano, na chakula cha pakiti mara nyingi hakitambui. Wengi hufa njaa polepole huku mwenye tangi akidhani wanashughulika.

Na kangaja. Ninamwelewa Mwalimu; kangaja wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la mgongo la njano ni miongoni mwa samaki wazuri zaidi wa Bahari ya Hindi. Lakini huyu ni mwogeleaji wa mchana kutwa, hufikia sentimita 20 na kuzidi, hutaka oksijeni nyingi, na hushikwa na ugonjwa wa madoadoa meupe kwa wepesi wa kusikitisha. Tangi la sentimita 90 kwake ni kama kumfungia farasi bafuni. Sisi tuliokulia karibu na maziwa tumeshaona kinachotokea samaki anapowekwa pasipomfaa: mbuta aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, wa aina nyingi sana hawakuonekana tena. Tangi ni ziwa dogo.

Usiku wa kuamkia Jumatano stima ilipotea kwa saa tatu. Pampu ikasimama, hita ikazima. Nakuru ya Julai usiku ni baridi, na sebule ile ilikuwa imeshuka hadi nyuzi 17. Lakini lita 120 hazipoi haraka. Maji yalikuwa yameshuka nyuzi mbili tu. Kilichoua ni kukosa hewa. Maji ya bahari hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi: kwenye nyuzi 25, usawa wa bahari, maji matamu yaliyojaa oksijeni huwa na miligramu 8 na nukta kwa lita, ya bahari karibu 6.7. Tukiyaleta Nakuru, ambako hewa ni nyepesi, yanabaki karibu 5.4. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho maji yanaweza kushika, pampu ikizunguka vizuri. Pampu ikisimama na samaki sita wanavuta, huku bakteria nao wanavuta, haichukui muda. Aliyehitaji oksijeni zaidi ndiye aliyetangulia. Kangaja alikutwa nyuma ya jiwe, msafishaji juu ya mchanga.

Mwalimu aliniuliza sababu ni ipi kati ya hizo. Nilimjibu kama ninavyoamini hadi leo: ni ile siku ya kumi na sita. Tangi changa lingeweza kuvumilia klaunifishi mmoja. Chumvi ya 1.029 samaki mzima angeweza kuistahimili hadi irekebishwe. Saa tatu bila stima, samaki wawili wadogo wangepita salama. Samaki sita kwa siku moja ndio waliomaliza akiba yote ya uvumilivu, kila kosa dogo likageuka kuwa la kuua.

Tulifanya haya asubuhi ile. Amonia ilikuwa 1, pH 8.2. Mwalimu alikuwa na maji ya chumvi tayari kwenye pipa, yamezungushwa usiku kucha kabla ya stima kwenda, chumvi 1.025, tukabadilisha lita 40 tukiyapasha kwanza yafike nyuzi 26. Hatukuishusha chumvi yote kwa mara moja; tuliachia siku chache za kutoa maji kidogo ya tangi na kurudishia maji matupu zimalize kazi. Nilielekeza mdomo wa pampu juu ili uso wa maji uchemke, kwa sababu hewa huingilia juu. Chakula kikakatwa kwa siku mbili. Na nilimwachia pampu ya hewa ya betri, ile inayowaka yenyewe stima ikipotea. Kwa maoni yangu, Nakuru, hicho ni kifaa cha kununua kabla ya taa ya bei ghali.

Siku mbili baadaye madoa meupe yakatokea, kama chembe za chumvi, kwanza kwenye mapezi ya damseli. Ugonjwa huu huletwa na kimelea kinachoitwa Cryptocaryon irritans. Hukaa kwenye ngozi ya samaki siku chache, huanguka chini, hujifunika kwenye mchanga, hugawanyika, kisha watoto wake hutoka kumtafuta samaki. Madoa yakitoweka watu hushangilia dawa waliyotumia, kumbe kimelea kiko chini kinazaliana. Dawa yenye kutegemewa ni shaba, lakini shaba huua kamba na konokono na hunasa kwenye mawe ya chokaa, kwa hiyo haiwekwi kamwe kwenye tangi kuu. Tuliwahamisha wote wanne kwenye tangi tupu la lita 40 lenye bomba la plastiki la kujifichia, hita na filta ndogo. Shaba ilipimwa kila siku, maji yalibadilishwa nusu kila siku kwa kuwa hakukuwa na bakteria wa kutosha huko, na shaba ikarudishwa kwa kipimo. Siku thelathini. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na Mwalimu, kwa miaka yake, aliifanya bila kukosa hata siku moja. Klaunifishi mdogo hakuvuka wiki ya kwanza. Watatu walipona. Damseli wawili nikawapeleka kwa mteja mwenye tangi la lita 600, na klaunifishi aliyebaki akaendelea kuishi kwenye lile tangi dogo.

Tangi kuu lilikaa siku 76 bila samaki hata mmoja. Kimelea kikikosa samaki hufa, na muda huo ni wa kutosha kwa maganda yanayochelewa kuanguliwa. Tulitumbukiza chembe za chakula kila baada ya siku mbili ili bakteria wasife njaa. Mzee aliona aibu wageni walipouliza samaki wako wapi. Lakini ni katika miezi ile miwili na nusu tangi liliiva hasa: amonia sufuri, nitriti sufuri, mwani wa kahawia ukaja ukaondoka, kisha wa kijani. Mwani ulipoota ndipo tukaleta wafanyakazi, konokono sita na kaa wadogo watatu wanaoishi ndani ya makombe, kutoka kwa muuzaji asiyewaweka pamoja na samaki.

Siku 76 zilipokwisha, yule klaunifishi akarudi. Wiki nne akawa peke yake. Vipimo vilipobaki pale pale, tukamwongezea mwenzake mdogo zaidi, baada ya kumtenga kwenye tangi la pembeni kwa mwezi. Udogo ule ulikuwa wa makusudi: klaunifishi wote huanza maisha wakiwa madume, na mkubwa wa wawili hugeuka jike. Ukiweka wawili waliolingana, hupigana hadi ijulikane nani ni nani. Mkubwa alimgonga mdogo siku mbili, mdogo akatetemeka kwa ubavu kama ishara ya kunyenyekea, na tangu hapo wanalala kona moja.

Baada ya miezi miwili mingine akaja gobi wa njano anayelala kwenye shimo la mchanga, na baada yake gobi wa moto, yule mweupe kichwani na mwekundu mkiani, ambaye hupatikana pia pwani yetu. Huyu huruka nje ya tangi akishtuka, kwa hiyo kabla hajaja Mwalimu alitengeneza fremu ya mbao na kuivisha wavu wa nailoni. Kifuniko kile kinapitisha hewa. Maji yanayokauka hujaziwa kila asubuhi kwa maji matupu kutoka dukani, kwa kikombe, na kiwango kimechorwa kwa kalamu kwenye kioo.

Samaki wanne, lita 120. Wageni bado husema tangi ni tupu. Mwalimu huwaambia waketi dakika kumi, na wakiketi humwona gobi akitoka shimoni.

Juma lililopita alinipigia tena, safari hii saa za jioni, kwa sauti tulivu. Amemwona samaki mmoja mdogo wa rangi ya zambarau, anaulizia kama atafaa awe wa tano. Nilimuuliza nitrati iko ngapi.

"Ishirini na tano."

"Na mwezi uliopita?"

Nilimsikia akifungua daftari. "Kumi na mbili."

Akanyamaza. Kisha akasema ataongeza kiasi cha maji anachobadilisha kila wiki, na atanipigia mwezi ujao.

"Na huyo wa zambarau, Mwalimu?"

"Yuko kwao, mwanangu. Hana haraka."